Sura Ngapi?

 

Kuna desturi makanisani mwetu wakati wa ushuhuda. Ndugu husimama na kusema, "Mwaka huu nimemaliza Biblia yote." Tunapiga makofi, na ni vyema. Biblia ina sura 1,189. Anayetaka kuimaliza kwa mwaka mmoja hana budi kusoma tatu au nne kila siku. Lakini mama aliyeketi nyuma huinamisha kichwa. Yeye husuka vikapu vya mkoma mchana kutwa pale Kanamkemer, na jioni mwanawe humsomea mistari mitano ya Kiturkana kabla ya kuzima tochi. Anaona haya kuitaja mistari yake mitano.

Kwa nini aone haya? Biblia nzima kwa Kiturkana ilitoka mwaka 2001 tu, na wazee wengi walikuwa wameamini zamani, kwa masikio. Na kambini Kakuma, ambako wakimbizi wamekaa tangu 1992, mmoja anasoma Kidinka, mwingine Kirundi, mwingine Kiswahili cha Kongo, tena wengine husubiri zamu ya kuazima kitabu. Utawapimaje hao kwa pishi moja? Paulo aliwaambia Wagalatia, sura ya 6, mstari wa 4, kila mtu aipime kazi yake mwenyewe.

Nawe ndugu wa sura nne, usiache kusoma! Ila siku unapofunua kurasa mbiombio ili uwahi hesabu, jioni jiulize umebaki na neno gani.

Katika Matendo sura ya 8 tunamwona towashi wa Kushi akipita njia ya jangwa, kavu kama hii yetu ya kwenda Kakuma. Alikuwa mtu mkubwa, mtunza hazina ya malkia. Alisoma Isaya kwa sauti, ndiyo maana Filipo alimsikia. Alipoulizwa kama anaelewa, alikiri mbele ya mtu mgeni kwamba anahitaji kuongozwa. Filipo akapanda garini, akaanzia andiko lile lile. Hakumwuliza amesoma sura ngapi tangu Yerusalemu.

Mama, usiku wa leo mwambie mtoto aanzie pale mlipoachia jana.