Nyasi za Ngitili ni Akiba ya Nyumbani

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mkulima wa pamba wa Shinyanga huanza msimu kwa plau, na plau huanza kwa nyasi. Maksai hutakiwa kulima Novemba na Desemba, yaani mwisho kabisa wa kiangazi, wakati mwili wake umedhoofika kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Maksai aliyekonda huchelewesha kilimo. Pamba iliyochelewa kupandwa hutoa mavuno haba. Mavuno haba huleta mizani nyepesi ghalani, huku deni la pembejeo likibaki na uzito wake ule ule. Kwa hiyo suala la nyasi ni suala la ushirika.

Wazee wa Kisukuma walilitambua jambo hili zamani. Walitenga eneo karibu na makazi wakaliita ngitili. Mvua zikianza, eneo lilifungwa. Majani yalikua, yakazaa mbegu, yakakauka yakiwa yamesimama. Kiangazi kilipokaza, mnamo Julai au Agosti, ngitili ilifunguliwa sehemu baada ya sehemu, na waliotangulia kuingia ni maksai, ng'ombe wa maziwa, ndama na wanyama wagonjwa.

Desturi hiyo ilikaribia kutoweka. Misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, mifugo iliongezeka, na watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1974 na 1975, wengi waliziacha ngitili zao nyuma. Shinyanga ikafikia kuitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norwe. Wakati huo ngitili zilizojulikana zilikuwa takriban hekta 600 tu. Mpango ulipomalizika mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto wake. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya Equator ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Ushindi huo haukuletwa na miche ya kitaluni peke yake. Uliletwa hasa na kufunga ardhi na kuiacha ipumzike.

Hata hivyo, kilichorudishwa kwa miaka kumi na minane huweza kupotea kwa viangazi viwili. Mwenye ngitili anapaswa kuzingatia yafuatayo:

1. Asifungue mapema. Jani ndilo jiko la mmea. Nyasi zikiliwa zingali changa, mizizi hukosa chakula. Zikiliwa kabla ya kudondosha mbegu, mwaka unaofuata huwa na mabaka ya udongo mtupu.

2. Agawe eneo vipande, na mifugo itoke katika kipande kabla udongo haujaonekana. Mashina yaliyobaki hupunguza kasi ya maji na kuzuia mmomonyoko mvua za kwanza zinaponyesha.

3. Asichome moto. Alime ukanda mtupu kuzunguka eneo ili moto wa jirani usivuke.

4. Mahali palipochakaa pafungwe misimu miwili au mitatu mfululizo, na mabaka yapandwe mbegu zilizokusanywa katika eneo lilelile.

5. Uwanja unaozunguka nyumba uachiwe nyasi fupi za kutambaa kwenye miteremko, ili maji ya paa yasichimbe msingi. Majani marefu yasiachwe karibu na mlango, kwa sababu ya nyoka.

Lipo pia jambo la haki. Ngitili inapokuwa na thamani, mwenye mifugo mingi hutamani kuikodi yote, na mwenye shida ya fedha hushawishika kuifungua mwezi Mei. Fedha hizo huisha kabla ya Oktoba, na maksai wake hubaki bila malisho. Katika ngitili za kijiji wanaoumia kwanza ni wasio na ng'ombe: akina mama wanaookota kuni, wanaokata nyasi za kuezekea, na wanaochimba dawa. Sheria ndogo za kijiji hazina budi kutaja haki zao pia, si zile za wachungaji peke yao. Sungusungu hulinda kilichokubaliwa. Hawawezi kulinda kisichoandikwa.

Kwa wanachama wa upande wa Geita na Kahama, hatari nyingine hutoka katika machimbo ya dhahabu. Miti hukatwa kuwa matimba ya kushikiza kuta za maduara, na maduara yaliyoachwa wazi huangusha mifugo. Anayeruhusu uchimbaji katika ardhi yake adai udongo wa juu utengwe kando, na shimo lifukiwe kwa kuurudisha udongo huo juu, maana nyasi hazioti juu ya kifusi cha mawe. Mifugo isilishwe wala kunyweshwa penye marudio yaliyooshwa kwa zebaki.

Katibu wa chama anaweza kulisaidia jambo hili kwa kalamu yake. Ajenda ya mkutano wa kabla ya mvua iwe na swali moja: ni wanachama wangapi wana malisho ya kuwafikisha maksai hadi Novemba? Wenye ngitili washauriwe kuomba hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ili mipaka isitegemee kumbukumbu za wazee pekee.

Akiba haiozi. Chama kinachohesabu hisa na kusahau nyasi kimehesabu nusu tu ya mali ya wanachama wake.