Friji Ikigoma, Waranti Iko Wapi?

Msikilizaji wa Magole, umenunua friji ya kuuzia soda pale kando ya barabara ya Morogoro–Dodoma. Mwezi wa pili inanguruma tu, soda za moto. Fundi anasema kompresa imekufa. Muuzaji anasema: "Umeme wenu huo."

Usikate tamaa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iuzwayo na mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo iwe na ubora unaokubalika. Maneno ya muuzaji tu hayatoshi. Mwambie aonyeshe kipimo cha fundi kuwa kweli ni umeme.

Nawe jilinde. Dai risiti ya EFD. Kadi ya waranti igongwe muhuri, iandikwe tarehe na namba iliyo nyuma ya friji. Soma masharti: mara nyingi kompresa ina muda wake, na fundi wa mtaani akiifungua, waranti imekufa.

Muuzaji akigoma, mwandikie barua, ubaki na nakala. Kisha peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, au fungua madai mahakamani. Hakimu atauliza karatasi kwanza, kwa hiyo zitunze.