THAMANI ISIYOONEKANA KWA MACHO

(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Mashuuru)

Twashukuru kupewa nafasi hii kabla mkutano haujafika kwenye shauri la fungu la karo na msaada wa ukame, kwa kuwa neno letu lahusu shauri hilo hasa. Swali ni moja: mtu ajapo mbele ya Chama kuomba, sisi humpima kwa kipimo gani?

Sote twaijua habari ya nabii Samweli alipotumwa Bethlehemu, nyumbani kwa Yese, kumtia mafuta mfalme. Alipomwona mwana wa kwanza, mrefu na wa sura njema, alidhani kazi imekwisha. Mungu akamkataza kuamua kwa kimo na sura. Wana saba wakapita, wala hakuchaguliwa hata mmoja. Sisi tulio wafugaji yatupasa kuangalia kwa nini Daudi hakuwapo: alikuwa machungani na kondoo wa baba yake. Aliyesahauliwa ndiye aliyekuwa kazini. Hapa kwetu pia, mtoto asiyeonekana siku ya kuandikisha majina huenda ndiye aliyepeleka ng'ombe majini, na mama asiyefika mkutanoni huenda yuko njiani na punda wake, akitafuta maji ya watoto. Mtume Yakobo naye aliwakaripia waumini waliompa mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri na kumwacha maskini amesimama. Hakuyahesabu hayo kuwa upungufu wa adabu tu, aliyaita dhambi.

Wala jambo hili si la nyakati za Biblia peke yake. Mwaka 1968, jirani zetu wa Mkoa wa Arusha, Tanzania, waliona serikali ikiendesha kampeni ya kuwalazimisha Wamaasai waache shuka, ngozi na rangi nyekundu, wavae nguo za kisasa. Na wasiotii wakanyimwa nafasi katika mabasi. Walioiendesha walidhani wanaleta maendeleo. Lakini walianza na nguo, kana kwamba akili ya mtu imeshonwa ndani ya suruali yake. Miaka 9 baadaye, mwaka 1977, Edward Moringe Sokoine, mwana wa wafugaji wa Monduli katika mkoa uo huo, akawa Waziri Mkuu wa Tanzania. Alifariki mwaka 1984, na hata leo watu wamkumbuka kwa uadilifu wake. Uadilifu huo haukutoka kwa mshona nguo.

Ndugu zetu wa pwani husema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sisi twaweza kutoa mfano wa kinyume chake. Kibuyu cha maziwa husuguliwa ndani kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien, mpaka kikawa cheusi na kunukia moshi. Mgeni akikichungulia huenda akasita kunywa. Lakini moshi ule ule ndio uyalindao maziwa yasiharibike upesi.

Hata hivyo, tusiingie katika kosa la pili. Shuka kuukuu si hati ya umaskini, wala koti safi si hati ya utajiri. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022, misimu 5 ya mvua ilikosekana mfululizo, na mifugo mingi ya Kajiado ikafa. Wako wazee waliokuwa na zizi lililojaa, ambao bado huvaa koti la siku za neema kwa sababu hawana jingine, na haya yawazuia kunyoosha mkono. Na yuko mwenye shuka iliyochakaa ambaye ng'ombe wake hawahesabiki kwa vidole. Anayegawa kwa kutazama mavazi tu atamnyima mhitaji na kumwongezea mwenye nacho, huku akijiona mwenye huruma.

Wazee wetu walituachia njia iliyo bora. Katika Kimaasai, osotua ni uzi wa kitovu umwunganishao mtoto na mama yake. Neno hilo hilo ni jina la kifungo kati ya watu wawili waliokubali kusaidiana: huombi ila una haja, nawe ukiombwa hutoa bila kuandika deni. Na katika Biblia ya Kimaasai, Agano Jipya huitwa Osotua Ng'ejuk. Basi agano la Mungu limetajwa kwa neno la kitovu na la ukarimu. Aliye katika osotua haulizi, “Amevaaje?” Huuliza, “Amepungukiwa na nini?”

Kwa hiyo twauomba mkutano ukubali mambo matatu. Kwanza, anayefika ofisini ahudumiwe kwa zamu aliyofika, na barua yenye alama ya kidole gumba ipewe uzito sawa na iliyopigwa chapa. Pili, kabla jina halijakatwa au kupitishwa, wajumbe wawili wazuru boma la mwombaji. Tatu, wajumbe hao waulize kwa upole kama yumo mtoto mwenye ulemavu ambaye hajapelekwa shule, na jina lake liandikwe pamoja na ya wengine. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 28, yakiri kwamba kila mtu amezaliwa na heshima yake. Nasi Wakristo twamjua aliyempa.

Yupo atakayesema kwamba kuzuru maboma kutachelewesha kazi na kula nauli. Ni kweli, nchi yetu ni pana na njia ni mbaya. Lakini fedha iliyotolewa haraka kwa asiyeihitaji imepotea yote, na mtoto aliyekosa muhula kwa sababu hatukufika kwao hatarudishiwa muhula huo. Afadhali orodha ichelewe juma moja, iwe ya haki.

Bwana Mwenyekiti, maneno yetu yamekwisha. Kura ni ya mkutano. Mungu atupe macho ya kuwatambua watu wake.