Ada ya Mwalimu wa Kwaya
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa ukoo, St. Paul, Minnesota)



Nimepewa dakika chache kuzungumzia jambo ambalo mfuko wetu haujapata kuligharimia. Tumesomesha wauguzi na wahasibu. Tumesafirisha marehemu wetu hadi nyumbani. Lakini mwanamuziki wa kanisa twamwita mwenye kipaji, na mwenye kipaji twadhani hahitaji ada.

Miji hii miwili yatufundisha vingine. Paul Manz alianza kupiga kinanda katika kanisa la Kilutheri la Mount Olive, Minneapolis, mwaka 1946. Akiwa tayari na kazi yake, katika miaka ya 1950 alivuka bahari kusoma kwa Flor Peeters wa Ubelgiji na Helmut Walcha wa Ujerumani. Kisha akarudi kulitumikia kanisa lilelile hadi mwaka 1983. Anayejua ndiye auonaye upungufu wake.

Nasi tunao mfano wetu. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa wa Bukoba alitunga maneno ya “Mfurahini, Haleluya” kwa sauti ya Kihaya. Howard Olson, mzaliwa wa St. Paul aliyefundisha Makumira, akayatia katika Kiingereza. Leo wimbo huo ni namba 364 katika kitabu cha Walutheri wa Marekani cha mwaka 2006. Hata hivyo, kitabu hubeba nota tu. Mkono wa mpiga ngoma haukuandikwa. Kwa hiyo mwalimu wa kwaya zetu za ughaibuni ana shule mbili: ya mistari mitano na kinanda cha miguu hapa, na ya ngoma na wazee kule.

Yuko kijana wetu, nanyi mwamjua. Usiku huhudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia, Jumapili huongoza kwaya bila malipo. Sol-fa aliipata kwa baba yake. Kinanda alijifunza mwenyewe. Watoto wetu waliozaliwa hapa huimba sauti moja tu, ile ya juu. Katika mazishi yetu ya mwisho besi ilitoka kwa wazee watupu. Siku wazee hao watakapolala, ni nani atakayewaimbia?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Napendekeza mfuko utenge fungu kila mwaka kwa masomo yake ya kinanda na ya kuongoza kwaya, na kila mwaka wa tatu nauli ya kwenda Tanzania: akae Makumira, ambako chuo kikuu hufundisha muziki, kisha aketi na wapiga ngoma wa kijijini kwetu. Naye atulipe kwa kuwafundisha watoto sauti zote nne, kila Jumamosi.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.