Fomu Bila Msimbo: Somo la Mosoriot



Kilichonileta kwenye mimbari hii ni hoja ninayoisikia kila kukicha hapa Nakuru: kwamba uhaba wa waundaji wa programu umepata dawa. Wazazi huniuliza kwa nini kijana asome sayansi ya kompyuta miaka minne, ilhali karani wa ushirika anaweza kupanga vitufe kwenye skrini bila kuandika msimbo, na mfumo ukawa tayari kabla ya Jumatatu.

Hoja hii ni kongwe. Mapema miaka ya 1980 mtaalamu wa kompyuta James Martin aliandika kitabu kizima kuhusu kuunda mifumo bila waprogramu. Lahajedwali nazo zilikuja na ahadi hiyo hiyo. Waprogramu hawakupungua hata kidogo, kwa maana kila aliyeonja mfumo mdogo alitaka mkubwa.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko jirani, Mosoriot kule Nandi. Mwaka 2001 kituo cha afya cha huko kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Mgonjwa alizunguka na karatasi yake chumba hadi chumba, kisha makarani wakaingiza yaliyoandikwa katika hifadhidata ya Microsoft Access, zana ambayo hata asiye mprogramu huweza kuichorea fomu. Ilifanya kazi, tena vizuri. Mpango wa AMPATH ukaichukua kwa wagonjwa wa UKIMWI, wagonjwa wakawa maelfu, vituo vikaongezeka, hifadhidata ikalemewa. Mwaka 2004 mfumo mpya wa kumbukumbu za wagonjwa, OpenMRS, ukaanza kubuniwa, na mwaka 2006 ukaanza kutumika Eldoret.

Tazameni moyo wake, kamusi ya dhana. Kila swali la daktari na kila jibu la kuchagua lina kitambulisho chake, hivyo swali jipya haliwalazimu watu kubomoa majedwali. Mhudumu wa afya anaongeza swali la kifua kikuu bila kumngoja mprogramu. Uhuru huo ulitoka kwa waprogramu waliokaa wakafikiri sana kabla yake. Wanaotuambia tupunguze mafunzo wanataka maziwa bila ng'ombe.

Nakiri kwamba zana za kuunda mifumo bila msimbo zinapunguza foleni ya kuwangoja waprogramu. Ushirika mmoja wa maziwa upande wa Molo uliniita nione mfumo wa karani wao. Alikuwa ameweka maziwa ya jioni, maziwa yaliyokataliwa kwenye kipimo, na makato ya dawa za mifugo, mambo ambayo mhitimu wangu hodari asingeyawaza. Lakini alimtambua mwanachama kwa namba ya simu. Mke na mume waliotumia laini moja wakahesabiwa mtu mmoja, na lita za mama zikalipwa kwa baba. Hakuna kitufe cha kurekebisha hilo. Na viongozi walipotaka malipo yapitie M-Pesa, walirudi kutafuta mprogramu.

Kwa hiyo nashikilia msimamo wangu: waprogramu wasipungue, na wanafunzi wote wa kilimo na uuguzi wafundishwe kupanga data. Kozi hiyo ianze muhula ujao. Katika mtihani, mwanafunzi apewe daftari halisi la mapokezi ya maziwa, achore majedwali yake kwa penseli, aeleze mwanachama ni nani, ndipo aruhusiwe kugusa kompyuta.