Mnatoka Wapi? Mafunzo ya Safari Yetu ya Bagamoyo

(Maneno yaliyosemwa Kolwezi, mbele ya familia zilizohamishwa na viongozi wa mitaa)



Mlitutuma, na sasa tumerudi. Tulikuwa watu sita, mama watatu na baba watatu. Wawili kati yetu ni wa familia zilizopandishwa treni mwaka 1993 kuelekea Kasai, wakarudi hapa baada ya miaka mingi. Wawili wanatoka katika mitaa iliyohamishwa kwa sababu ya mgodi. Wawili ni wenyeji ambao hawajawahi kuhama. Mlituchanganya hivyo kwa makusudi. Tunakiri mbele yenu kwamba siku ya kuondoka hatukuwa tunasalimiana wote. Leo tunataka kuwaeleza tuliyoyaona katika mji mdogo wa Bagamoyo, pwani ya Tanzania, na kwa nini tunaona kwamba yanatuhusu sisi wa Lualaba.

Njia ni ya zamani

Tulisafiri kwa basi. Tulipita Lubumbashi, tukavuka mpaka Kasumbalesa, tukaikata Zambia hadi Tunduma, tukashuka mpaka Dar es Salaam. Njia nzima malori yenye shaba ya kwetu yalikuwa mbele yetu na nyuma yetu. Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kama kilomita 75 kuelekea kaskazini.

Ndugu zetu, shaba yetu haikuanza jana kwenda kwenye bahari ile. Wazee wa nchi hii waliyeyusha mawe ya kijani wakaimwaga shaba katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilitumika kama fedha. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara kutoka magharibi ya Tanzania ya leo, Wasumbwa na Wanyamwezi, walikuja kuitafuta. Mmoja wao, Msiri, alibaki, akaoa, akajenga ufalme, na makao yake yakawa Bunkeya, ambayo leo iko katika jimbo letu la Lualaba. Shaba, pembe za ndovu na, tusifiche, watu waliofanywa watumwa, vilitoka huku vikaenda pwani. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia kubwa ya misafara.

Tena, mwaka 1891, msafara wa kapteni Stairs, uliotumwa kwa faida ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ulianza safari yake kutoka mji huo huo wa Bagamoyo. Tarehe 20 Desemba mwaka ule Msiri aliuawa karibu na Bunkeya, na Katanga ikaingia mikononi mwa wakoloni.

Na kuna mzigo mwingine uliopita njia hiyo, nao ni Kiswahili. Kililetwa na misafara, kisha baada ya Union Minière kuundwa mwaka 1906 kikaenea migodini na katika kambi za wafanyakazi, kwa sababu watu walitoka pande nyingi na walihitaji kuelewana. Jimbo letu lote liliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, na hilo ni neno la Kiswahili. Hata yule anayemwambia jirani yake, "Wewe ni mgeni, rudi kwenu," anamfukuza kwa lugha iliyokuja na wageni.

Swali la sokoni

Asubuhi ya kwanza tulikwenda soko la samaki, ufukweni. Majahazi yalikuwa yamerudi, wanaume wanabeba samaki begani, kina mama wanakaanga kwenye makarai. Mama mmoja mzee alitusikia tukiongea, akacheka tuliposema "batoto" mahali pa "watoto". Akatuuliza, "Mnatoka wapi?"

Baba mmoja wa kundi letu, yule aliyeondolewa hapa mwaka 1993, alinyamaza. Tulimwona anatazama chini. Waliokuwepo mnajua kwa nini. Likasi mwaka 1992 na hapa Kolwezi mwaka 1993, swali hilo liliulizwa mlangoni na vijana wenye fimbo na mapanga. Jibu lake lilimtoa mtu kazini na nyumbani mwake. Familia zililala stesheni wiki baada ya wiki zikingoja treni, na wengine, hasa watoto na wazee, walikufa pale na njiani. Wengi wa waliofukuzwa walizaliwa hapa hapa Katanga. Babu zao waliletwa na kampuni wakati wa ukoloni kufanya kazi, na Kasai walikuwa hawajawahi kuiona.

Basi akajibu mmoja wa wenyeji: "Sisi wote tunatoka Kolwezi, Kongo."

Yule mama akasema, "Mbali! Karibuni, kaeni." Akasogeza benchi, akatupa chai na samaki, akaendelea kuuliza: kwenu mnakula nini, bahari mmeiona lini, watoto wangapi. Tulimweleza bukari yetu, naye akasema, "Hiyo si ugali?" Tukacheka wote.

Hatusemi watu wa Bagamoyo ni malaika. Wana ugomvi wao wa ardhi, na tutaufikia. Lakini tuliona swali lile lile, maneno mawili tu, likiulizwa na mtu anayesogeza benchi. Baba yetu alituambia jioni, "Miaka yote hii nilifikiri naliogopa swali. Kumbe nawaogopa waliokuwa wananiuliza."

Mnyororo ndani ya mti

Siku ya pili tulikwenda misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Ndani ya makumbusho kuna minyororo. Nje kuna mbuyu mkubwa sana. Mwenyeji wetu alituonyesha kipande cha mnyororo kinachotokeza kwenye gome. Alisema si mnyororo wa watumwa, ulifungwa pale zamani kwa ajili ya punda, hakuna aliyeufungua, mti ukakua ukaumeza.

Mama mmoja wetu alisema, "Kwetu pia tumefanya hivyo." Hatukuongeza neno. Lakini usiku, nyumba ya wageni, umeme ulipokatika, wanaume wawili waliokuwa hawasalimiani walianza kuongea gizani. Wametupa ruhusa tuwaeleze, bila majina.

Mwaka 1993 familia ya mmoja iliuza nyumba yake kwa siku moja, kwa bei ya baiskeli na godoro, kwa sababu treni ilikuwa inaondoka. Walionunua ni familia ya mwenzake. Wakati huo huyu mwenzake alikuwa kijana wa miaka 17. Alisema, "Baba yangu alijua ile si bei. Alisema tusipochukua sisi watachukua wengine. Mimi nilibeba vitanda vyenu nje." Yule wa kwanza alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kwamba tangu aliporudi Kolwezi anazunguka mtaa mwingine ili asipite mbele ya nyumba ile. Hakudai nyumba usiku ule. Aliuliza kama mwembe alioupanda mama yake bado uko.

Uko. Wiki iliyopita alikwenda kuuona, akakaribishwa, wakala pamoja. Msifikiri mambo yamekwisha. Suala la nyumba bado liko mbele ya wazee wa upatanisho, na haki yake haijapatikana kwa sahani moja ya bukari. Ila sasa linazungumzwa na watu wanaosalimiana.

Waliohamishwa na mgodi

Tusiwasahau wenzetu wengine. Kasulo mnaijua: mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba za watu, na mwaka 2017 familia zikahamishwa. Mitaa mingine ilifuata. Mama wa kundi letu alisema wazi: "Ninyi mlifukuzwa na majirani. Sisi tumefukuzwa na shimo. Shimo halina uso wa kuliomba msamaha."

Bagamoyo alipata watu wa kuongea nao. Mwaka 2013 Tanzania ilitia sahihi makubaliano ya kujenga bandari kubwa Mbegani, karibu na mji ule, na mwaka 2019 mpango ukasimama. Wakulima walitueleza jinsi maisha yanavyokuwa magumu mtu anapoambiwa shamba limeshahesabiwa, naye hajui apande mnazi au aache. Shauri walilotupa ni rahisi: kabla ya mtu wa tathmini kufika, hesabuni ninyi wenyewe. Andikeni vyumba, kisima, miti na makaburi, mbele ya jirani anayetia sahihi kama shahidi. Mama alirudi na daftari, na kazi imeanza mtaani kwake.

Tuliona pia hatari moja. Mgodi unapohamisha watu, hasira hutafuta mtu wa karibu, na mara nyingi anayepatikana ni kijana aliyefika juzi kutoka Kasai kutafuta kazi. Huyo hakuichukua ardhi ya mtu. Tukianza tena kuulizana asili badala ya kuuliza nani alitia sahihi na fidia iko wapi, tutarudi stesheni ile ile ya mwaka 1993.

Tunayoomba

Viongozi wetu, tunaomba mambo matatu. La kwanza, kila mtaa uwe na daftari la nyumba na mashamba, lenye mashahidi kutoka makabila zaidi ya moja. La pili, wazee wa upatanisho wapokee habari za nyumba za 1993 bila haraka, wakimsikiliza aliyeuza na aliyenunua, kwa sababu wengi wanaoishi humo leo walikuwa watoto. La tatu, familia mpya ikifika mtaani, ipelekewe benchi kabla ya kuulizwa. Waulizeni wanatoka wapi, hakuna ubaya, lakini wakiwa wamekwisha kukaa.

Nanyi familia zilizohamishwa, tunajua mmechoka kusikia maneno. Sisi pia tumo kati yenu. Hatukuleta fedha kutoka baharini. Tumeleta daftari moja, na wanaume wawili wanaosalimiana. Wote wawili wako hapa leo, wamekaa benchi moja, na baada ya mkutano huu mnaweza kuwauliza wenyewe.