Mashine Inaposema na Hakuna wa Kuikanusha



Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini jaribio la kuendesha hesabu za Serikali kwa mashine lilishindwa, hesabu zikavurugika, ikabidi kurudi kwenye njia za zamani. Siku hizi marufuku hiyo hutajwa kama ushahidi wa woga wa maendeleo, na ni kweli kwamba ilituchelewesha. Hata hivyo, waliotoa amri ile walikuwa wamegusa swali ambalo sisi tuliokuja baadaye tumeliacha bila jibu: ofisi ikishakabidhi kazi yake kwa mashine, ni nani anayebaki na uwezo wa kujua kwamba mashine imekosea? Jibu lao, kuizuia mashine, halikufaa. Nia yangu leo ni kuonyesha kwamba swali lenyewe lingali hai, na kwamba sasa lina uzito zaidi kuliko wakati ule.

Tunapozungumzia utegemezi wa kompyuta, kwa kawaida tunafikiria siku ambayo kompyuta zinanyamaza. Mifano ipo. Mei 2021 mfumo wa LUKU, unaotumika Tanzania kununulia umeme, ulipata hitilafu, na kwa siku kadhaa watu waliokuwa na fedha mkononi wakakaa gizani kwa sababu hawakuweza kupata tokeni. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko, shughuli za benki na ofisi zikasuasua. Miezi miwili baadaye, tarehe 19 Julai, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ya Marekani ilisambaza sasisho lenye kasoro, likaangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani; ndege zikafutwa, na katika baadhi ya viwanja vya ndege abiria wakaandikiwa pasi za kupandia kwa kalamu. Haya ni makubwa, lakini yana sifa moja inayotuokoa: kila mtu anayaona. Waya ukikatika, hakuna anayemwambia mteja kwamba kosa ni lake. Meli ya mafundi inatumwa na waya unaungwa. Madhara yanayonisumbua ni ya aina nyingine: yale yanayotokea mashine ikiwa nzima, inafanya kazi, inatoa jibu lisilo la kweli, na hakuna mtu aliyewekwa mahali pa kulikataa.

Hakuna kisa kinachoonyesha jambo hili kwa uchungu kuliko kile cha Shirika la Posta la Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 shirika hilo lilisambaza mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu, katika maelfu ya matawi madogo yaliyoendeshwa na mawakala, watu wa kawaida wenye maduka vijijini na mitaani. Mfumo ukaanza kuonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Mikataba iliwabana mawakala kulipa pengo hilo kutoka mifukoni mwao, na walioshindwa walishtakiwa kwa wizi au kwa kughushi hesabu. Hadi mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, wapo waliojiua. Wengi waliopiga simu kulalamika waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Kwa miaka mingi shirika lilikana kwamba wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kuingia katika hesabu za tawi wakiwa mbali, ilhali waliweza. Ukweli ulipata nguvu ya kisheria Desemba 2019 tu, katika kesi iliyoongozwa na wakala wa zamani, Alan Bates, na wenzake zaidi ya 500. Mwaka 2024 Bunge likalazimika kutunga sheria ya kufuta hukumu zile kwa mkupuo.

Ndani ya kisa hiki kuna kipengele cha sheria ambacho nawaomba mkitazame kwa makini. Zamani sheria ya Uingereza ilimtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta mahakamani athibitishe kwanza kwamba kompyuta hiyo ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Sharti hilo lilionekana usumbufu, likafutwa kwa sheria ya mwaka 1999, na tangu hapo mahakama zikachukulia kwamba kompyuta iko sahihi mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Mzigo wa kuthibitisha ukamwangukia muuza stempu ambaye hakuwa na ruhusa ya kuona kumbukumbu za ndani za mfumo wala fedha za kumlipa mtaalamu wa kuzisoma. Kasoro za programu zilikuwa chanzo cha upungufu wa uongo, lakini zisingetosha peke yake kumpeleka mtu gerezani. Kilichompeleka gerezani ni uamuzi wa wanadamu kwamba neno la mashine linapita neno la mtu. Utegemezi ninaouzungumzia ni huo.

Msidhani hayo ni ya Ulaya tu. Kaskazini Mashariki mwa Kenya, katika kaunti kama Garissa, wapo raia ambao utotoni mwao, wakati wa ukame na njaa, familia zao ziliwaandikisha katika kambi za wakimbizi za Dadaab ili wapate chakula na matibabu. Alama zao za vidole zikahifadhiwa katika kanzidata ya wakimbizi. Walipofika umri wa miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho cha taifa, mfumo ulijibu kwamba wao ni wakimbizi. Mzee wa kijiji anawajua, shangazi zao wanawajua, wazazi wao wana vitambulisho vya Kenya. Na bado kwa miaka mingi maelfu yao waliishi bila kitambulisho, maana yake bila laini ya simu kwa jina lao, bila ajira rasmi, bila kura. Mashine hapa haikukosea hata katika hesabu. Ilikumbuka kwa usahihi jambo lililoandikwa kwa ajili ya kugawa unga, na ofisi nyingine ikalichukua kuwa hukumu juu ya uraia wa mtu.

Najua pingamizi linalokuja, nalo ni la haki. Mtu atasema: kabla ya kompyuta tulikuwa na nini? Tulikuwa na faili lililopotea hadi utoe kitu kidogo, na foleni isiyosogea. Tangu M-Pesa ianze Kenya Machi 2007, mtu aliyeko mjini anamtumia mama yake fedha kijijini bila kumwomba dereva wa basi abebe bahasha. Nakubali yote hayo, na sitaki turudi huko. Lakini tusidanganyane kwamba mashine kwa asili yake inafukuza udanganyifu. Mwaka 2016 Tanzania iliondoa kwenye orodha ya mishahara watumishi hewa zaidi ya 10,000. Mishahara ya watu hao wasiokuwapo ilikuwa ikipita katika mfumo wa kompyuta, mwezi baada ya mwezi, bila mfumo kushtuka. Walibainika kwa uhakiki: watu waliitwa, wakaja na nyaraka zao, wakaonekana kwa macho. Mashine ilitunza uongo kwa uaminifu uleule ambao ingetunza ukweli.

Pingamizi la pili ni la gharama. Kuweka njia mbili, ya mashine na ya kuihakiki mashine, ni kulipa mara mbili. Kwa hili mfano bora ni wa jirani zetu haohao. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta uchaguzi wa rais wa tarehe 8 Agosti, na miongoni mwa mambo yaliyoisukuma ni kwamba tume ya uchaguzi iliamriwa kufungua seva zake zikaguliwe na haikutii ipasavyo. Mwaka 2022 tume ilifanya jambo jingine: picha za Fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000, fomu za karatasi zilizosainiwa vituoni, ziliwekwa wazi mtandaoni, na vyombo vya habari pamoja na wananchi wakajumlisha wenyewe. Kesi ilifunguliwa tena, seva zikachunguzwa, na tarehe 5 Septemba mahakama ikathibitisha matokeo. Teknolojia ilitumika mara zote mbili. Mara ya pili fomu za karatasi ziliwekwa mbele ya umma zilinganishwe na matokeo yaliyotangazwa. Gharama ya fomu hizo, ukiilinganisha na gharama ya kurudia uchaguzi mzima, ni ndogo mno.

Kisheria hatuanzi na mikono mitupu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinampa mtu haki kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Lakini haki hiyo haina maana dirishani ikiwa karani aliye mbele yako anaweza tu kusema "mfumo umekataa", na aliye juu yake akasema hivyohivyo. Mvunja kokoto ambaye alama za vidole vyake zimelika kwa kazi, hata mfumo usimtambue, hahitaji mawakili. Anahitaji ofisa mwenye madaraka ya kusema ninamwona huyu mtu, nimehakiki kwa njia nyingine, napitisha. Kwa hiyo ninachopendekeza kwa kila taasisi ya umma inayonunua mfumo mpya, vyuo vikuu vikiwemo, ni kwamba kabla ya kusaini mkataba itaje kwa cheo ni nani atakayekuwa na mamlaka ya kutengua jibu la mfumo, ndani ya muda gani, na kwa ushahidi upi. Kisha itunze daftari la kila jibu lililotenguliwa na kulichapisha kila mwaka. Na daftari likikaa mwaka mzima bila hata jibu moja lililotenguliwa, mkaguzi aanzie hapo.